Televisheni iliyolipiwa na karafuu: jibu kwa kijana wa Wete

Swali: "Assalamu alaikum mzee wangu. Mimi ni kijana wa Wete. Babu yangu hunambia kuwa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi wakati Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe, na Afrika Kusini pia hawana. Rafiki zangu wa Dar hucheka nikiwaeleza. Ni kweli? Na kama ni kweli, visiwa vidogo kama hivi viliipataje, picha ilitufikiaje huku Pemba, na mbona leo kituo chetu wenyewe hatukipati bila king'amuzi? Babu ana kasha la kanda za video alizorekodi zamani kutoka TVZ, taarabu na hotuba. Naogopa hata kuzigusa."

Waalaikumu salaam mwanangu. Babu yako hakukosea. Televisheni Zanzibar, yaani TVZ, ilianza mwaka 1973, na ilianza na rangi. Utakuta vitabu vingine vimeandika 1974, lakini mwaka mmoja huo haubadilishi hesabu yako. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu na viwanda vyake, ilifungua televisheni yake ya taifa tarehe 5 Januari 1976. Bara wao walisubiri mpaka 1994, vilipoingia hewani vituo vya watu binafsi kama ITV, DTV na CTN, na televisheni ya serikali, TVT, ikaja karibu na mwaka 2000. Mtoto aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1973 alikuwa keshapita miaka 20 siku mwenzake wa Dar es Salaam alipopata kituo cha kwao.

Waeleze rafiki zako hivyo, ila usitie chumvi. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, kwa hivyo hatukuwa wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na televisheni. Tulikuwa wa kwanza kuwa na ya rangi. Imeandikwa mara nyingi kwamba tulikuwa wa kwanza kusini mwa Sahara yote. Mimi huishia Afrika Mashariki, kwa sababu Afrika Magharibi nako rangi iliingia miaka hiyohiyo, Nigeria ikianza nayo kule Jos mwaka 1974, na sioni faida ya kubishania miezi.

Sasa tuliipataje? Jibu analo babu yako, na huenda lilipita katika mikono yake mwenyewe: karafuu. Tangu mwaka 1968 Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ndilo lililonunua karafuu kwa mkulima na kuziuza nje. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wanaochanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 bei ya dunia ilikuwa nzuri sana. Mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na sehemu kubwa ilibaki katika hazina ya serikali. Kwa sababu hiyo Zanzibar ilikuwa na fedha za kigeni nyingi kuliko udogo wake, ikajenga majumba ya ghorofa Michenzani na kwengineko, na ikanunua mitambo ya televisheni. Kwa kawaida wazo hilo huhesabiwa kuwa la Mzee Abeid Amani Karume. Yeye aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, hakuwahi kuiona ikiwaka, na iliwaka wakati wa Mzee Aboud Jumbe, aliyeshika uongozi baada yake.

Nataka ulishike jambo hili kwa sababu unatoka Wete. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Aliyepanda juu ya mkarafuu na pakacha lake, aliyekaa usiku akichambua makonyo, aliyeanika majamvini na kuanua mvua ikinyesha, huyo ndiye aliyelipia kamera ya kwanza na mnara wa kwanza. Ukisikia watu wanasema televisheni ya rangi ililetwa na serikali, wanasema kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Kuna na sababu ya pili, ya kisheria. Utangazaji haukuingizwa katika mambo ya Muungano. Zanzibar ilibaki na redio yake, ambayo ilikuwapo tangu 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, ndiyo ile iliyotekwa Raha Leo asubuhi ya Mapinduzi, Januari 1964. Iliyoweza kuendesha redio yake iliweza pia kuamua juu ya televisheni bila ya kumwomba ruhusa mtu. Bara waliamua vyengine. Kwa Mwalimu Nyerere televisheni ilikuwa anasa ya watu wachache wa mjini, na fedha iende kwenye redio, ambayo humfikia mkulima kijijini. Mwaka uleule wa 1973 wao waliendesha kwa redio kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wakikaa vikundi vikundi kusikiliza, kusoma na kisha kwenda kuchimba vyoo, na walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Mimi ni mtu wa televisheni, lakini sithubutu kusema walikosea. Uamuzi wao ulikuwa na hoja, na wetu ulikuwa na hoja.

Kwa nini rangi moja kwa moja, si nyeusi na nyeupe kwanza kama wengine? Hapa kuchelewa kulitusaidia. Wenzetu walioanza mapema walikuwa na mitambo ya zamani inayofanya kazi, na mtu hatupi mtambo mzima. Sisi tulianza na kiwanja kitupu. Mfumo wa rangi wa PAL, ambao Uingereza na Ujerumani waliuanza mwaka 1967, ulikuwa umeshazoeleka, na umeundwa kwa namna ambayo mwenye seti ya nyeusi na nyeupe naye huipata picha, ila bila rangi. Basi kununua mitambo isiyo na rangi mwaka 1973 kungekuwa ni kununua kitu kinachokufa.

Rangi ile ilikuwa na kazi yake, na kijana aliyezaliwa na simu mkononi haijui. Kamera za studio za zama zile zilikuwa na mirija mitatu ndani, mmoja kwa nyekundu, mmoja kwa kijani, mmoja kwa buluu. Kila siku kabla ya matangazo fundi alipaswa kuiwasha kamera mapema ipate moto, kisha aipange mirija ile mitatu itazame mahali pamoja. Ikihama kidogo tu, msomaji wa habari huota ukingo mwekundu upande mmoja wa uso na wa buluu upande wa pili. Na taa za studio ziliunguza. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya kamera zile alikuwa mtihani, maana weupe mwingi uliifanya picha iwake na uso upotee. Mafundi wa studio walimwomba mgeni avae kanzu ya rangi ya maziwa, na wengine walikuwa wakali, maana kanzu ya Ijumaa ni nyeupe. Habari za nje ya studio zilipigwa kwa filamu, ile ya milimita 16, ambayo lazima isafishwe kwa dawa kabla ya kuonekana, kwa hivyo sherehe ya asubuhi ilihitaji mbio kubwa ili iingie katika taarifa ya jioni. Kanda za video zilipoingia, mbio zile zilipungua.

Matangazo yalikuwa ya jioni, na seti zilikuwa chache. Serikali iliweka televisheni za umma, mjini na shamba, watu wakakusanyika kiwanjani kama wanaokwenda kwenye ngoma. Mambo mengi ya utamaduni wetu yalipata jukwaa pale: taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichokuwapo tangu 1905, na ya kikundi cha Culture, na mawaidha ya Ramadhani, na maigizo, na gwaride la Mapinduzi la tarehe 12 Januari kutoka uwanja wa Amaan. Na yote kwa Kiswahili. Hili kwangu ndilo lililo kubwa kuliko hata rangi. Bibi wa Kojani asiyejua neno moja la Kiingereza alikaa mbele ya televisheni na hakupitwa na kitu. Vituo vingi vya Afrika wakati ule vilisoma habari kwa lugha ya mkoloni.

Wenye seti zao walikuwa na mashaka yao. Mfumo wa PAL una ndugu wengi. Picha ni ileile, mistari 625, lakini katika baadhi ya nchi sauti husafiri umbali wa megahezi 5.5 kutoka kwenye picha, na katika nyingine umbali wa 6. Mtu akirudi safari na seti iliyotengenezwa kwa nchi nyingine, akiiwasha picha inatoka safi na sauti hakuna, ni shshsh tu. Fundi alifungua nyuma akabadilisha kijisehemu kidogo, na jioni hiyo nyumba ikajaa watu.

Swali lako la Pemba ndilo linalonigusa zaidi, maana maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia kwenye mitambo ya kurushia, si studioni. Mawimbi ya televisheni si kama ya redio ya masafa mafupi. Redio yetu, ikirusha kutoka Dole katika kilohezi 11735, ilisikika Ulaya na Asia, kwa sababu mawimbi yale hupiga angani juu na kurudi chini. Ya televisheni hayarudi. Huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na dunia ni mviringo, kwa hivyo yanafika penye upeo wa macho na zaidi kidogo, kisha yanapotea angani. Ndiyo maana kila kituo hutafuta kilima, na mnara juu ya kilima.

Unguja haina kilima cha maana. Ukingo wa juu kabisa, upande wa Masingini, hauzidi sana mita 120 kutoka usawa wa bahari. Tuseme antena yako ya kurushia iko mita 200 juu ya bahari, kilima na mnara pamoja. Itauona upeo wa bahari umbali wa kilomita 58 hivi. Mpokeaji naye akiwa na antena mita 10 juu ya paa, anakuongezea kilomita 13. Jumla 71. Sasa chukua ramani. Kutoka mjini Unguja mpaka Dar es Salaam ni kilomita 72 hivi. Kutoka mjini mpaka Mkoani ni kama 100, mpaka Chake Chake kama 120, mpaka kwenu Wete ni 135.

Umeliona jambo lenyewe? Dar es Salaam, mji wa serikali isiyotaka televisheni, ulikuwa jirani yetu zaidi kuliko Pemba. Wachache wa Dar waliokuwa na seti miaka ya 1970 na 1980 walipandisha antena kwenye bomba refu, wakaigeuza upande wa bahari, wakaitazama TVZ. Hao rafiki zako wanaokucheka, waulize wazee wao wa Upanga na Oysterbay. Na aliyeichuma karafuu Ole au Kengeja huko Pemba, mawimbi ya kutoka mjini Unguja yalimpitia juu ya kichwa.

Kwa hivyo Pemba ililazimu iwe na mtambo wake wa kurushia. Kuwa na mtambo si kazi, kazi ni kuulisha. Picha itafikaje kutoka studio ya Unguja mpaka kwenye mtambo wa Pemba? Zipo njia tatu za kale. Ya kwanza, kupeleka kanda kwa meli au ndege, na kipindi cha Jumatatu mtu akakiona Jumatano. Kwa taarabu haina neno, kwa habari ni aibu. Ya pili, kuweka antena ndefu inyakue mawimbi dhaifu kutoka ng'ambo, kisha kuyapa nguvu na kuyarusha tena, na hapo picha huja na chumvichumvi zake zote. Ya tatu, na ndiyo ya kifundi, ni kurukia. Unapeleka mawimbi membamba ya maikrowevu kutoka mjini mpaka kaskazini ya Unguja, kisha unavuka mkondo. Kutoka Nungwi mpaka Mkoani ni kilomita 56 tu, minara miwili yenye urefu wa kutosha huonana. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na setilaiti au na nyaya za fiba zilizolazwa chini ya bahari, na kijana anayekaa mbele ya kompyuta hajui mkondo ule ulitutoa jasho kiasi gani.

Bahari nayo ina tabia zake. Msimu wa kaskazi, siku za joto na bahari shwari, hewa ya juu ya maji hujipanga matabaka, na mawimbi hunaswa kati yake yakaufuata mgongo wa bahari badala ya kupotea angani. Siku kama hizo nimekaa Pemba nikaona picha kutoka Mombasa safi kama iko chumba cha pili, na kesho yake hakuna kitu. Usistaajabu. Kwenu Wete mpo karibu na Mombasa kuliko mlivyo karibu na mjini Unguja. Mombasa ni kama kilomita 112. Ndiyo maana wazee wengi wa kaskazini Pemba wanazijua nyimbo za matangazo ya biashara ya Kenya.

Halafu chumvi. Mnara unaokaa karibu na bahari huliwa mchana na usiku. Viungio vya antena vinaota kutu ya kijani, maji yanaingia katika waya mkubwa wa kupandisha nguvu juu, na nguvu uliyoilipia kwa dizeli inageuka joto, haifiki hewani. Nimewahi kupanda mnara mmoja, nao si lazima niutaje, nikakuta nusu ya bolti zinavunjika kwa mkono. Serikali nyingi za Afrika hufurahia kununua mtambo na huona uzito kununua rangi ya kuupaka na mipira ya kuzuia maji. Kituo cha televisheni hufa kwa vitu vidogo.

Na umeme. TVZ ilipoanza, Unguja iliwaka kwa majenereta ya dizeli. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba ulikuja mwaka 1980. Pemba mlibaki na majenereta ya Wesha mpaka 2010, ulipolazwa waya kutoka Tanga. Waya mmoja ni roho moja: Mei 2008 ulikatika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Kituo kinaweza kuwasha jenereta kikarusha, lakini nani atatazama, na nyumbani hakuna umeme? Siku zile redio ya betri ndiyo iliyokuwa mfalme. Waya mpya na mkubwa zaidi ulipolazwa 2013 ndipo wengi wetu tulipolala usingizi.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Indonesia ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, bei ikaanguka, na hazina ile iliyonunua mitambo ikakauka. Mitambo ya mwaka 1973 ilitakiwa iendelee bila vipuri. Fundi wa Kiafrika wa zama hizo alitengeneza kwa kuchuna: anautoa uhai mtambo mmoja ili wa pili uishi. Wakati huohuo biashara ililegezwa, deki za video zikaingia kutoka Dubai, vibanda vya video vikafunguliwa, na mtu akawa na njia nyingine ya kujifurahisha jioni. Hapo ndipo babu yako, nadhani, aliponunua deki yake.

Nikueleze na la siasa, kwa sababu ukiuliza historia ya kituo na mtu akalikwepa hili, hakukujibu. TVZ ilikuwa chombo cha serikali tangu kuzaliwa kwake. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, chombo kile kilibaki katika mikono ileile, na katika chaguzi zilizofuata waangalizi wa ndani na nje waliandika kwamba upinzani haukupewa nafasi sawa. Pemba mnalijua hilo kuliko mimi. Walikuwamo waandishi na mafundi wazuri sana, na uzuri wao haukuwa na uamuzi juu ya nani aonekane. Yote mawili ni kweli, na mimi nayashika yote mawili.

Mwaka 2013 TVZ na redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, ziliunganishwa kwa sheria zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Anayetoa leseni na kusimamia ni Tume ya Utangazaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kwa hivyo ukisema TVZ kijana wa leo huenda asikuelewe, ila wazee wataendelea kuiita hivyo, na mimi mmojawapo.

Sasa king'amuzi. Usidhani umefungiwa nje ya nyumba yako. Katika mfumo wa zamani, analojia, njia moja ya hewani ilibeba kituo kimoja tu. Nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana mwaka 2006 kuhamia dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho kwa nchi nyingi. Tanzania ilitangulia, Dar es Salaam ikazima analojia usiku wa tarehe 31 Disemba 2012. Katika dijitali, njia ileile moja hubeba vituo kumi na zaidi, vimefungwa pamoja kama pishi nyingi ndani ya gunia moja. Aliye studioni hutengeneza vipindi, na mwingine hufunga gunia na kulirusha. Kwetu kampuni iliyopewa kazi hiyo ni ZMUX. King'amuzi kazi yake ni kulifungua gunia. TV yako ya chogo haijui kufungua. TV nyingi bapa za karibuni zinajua, tazama kwenye karatasi yake kama imeandikwa DVB-T2. Ikiwa ipo, unganisha antena moja kwa moja, itafute vituo, na utakavyokuta havihitaji malipo utavitazama bila kisanduku. Na ujue kwamba dijitali haina picha ya chumvichumvi. Analojia ilidhoofika pole pole, ukaendelea kumwona mtu katika ukungu. Dijitali ni ama safi ama hakuna. Watu wa Pemba wengi waliozoea kuvumilia picha hafifu walidhani kituo kimezimwa. Jibu lake ni lilelile la babu: antena ya nje, juu, iliyoelekezwa kwenye mnara wa karibu.

Nimeliacha kasha la babu mwisho kwa sababu ndilo nililolifikiria tangu nilipoisoma barua yako. Zamani kanda zilikuwa ghali, na vituo duniani kote vilifuta na kurekodi tena juu yake. Hata zilizohifadhiwa, joto na unyevu wa pwani huzila. UNESCO ilionya mwaka 2019 kwamba ifikapo 2025 kanda nyingi za sumaku zitakuwa hazisomeki, kwa sababu mashine za kuzisomea hazitengenezwi tena na wanaojua kuzitengeneza tunazeeka. Kwa hivyo kanda alizorekodi mtu nyumbani kwake Wete zinaweza kuwa na kitu ambacho hakipo popote pengine. Karatasi za zamani za Zanzibar zina Nyaraka pale Kilimani; kanda za majumbani hazina wa kuzitunza ila nyinyi wenyewe.

Ziguse, lakini kwa adabu. Kwanza, mgongoni mwa kila kanda ya VHS kuna kibanzi kidogo cha plastiki. Kivunje, na deki haitaweza tena kurekodi juu yake. Pili, inua kifuniko utazame mkanda penye mwanga. Ukiona unga mweupe au nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, usiitie ndani ya deki, maana utaambukiza na nyingine zote. Itenge mahali pakavu mpaka impate fundi. Tatu, zilizo safi zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze, ziwe mbali na redio zenye spika kubwa. Nne, kabla ya kucheza, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, mara moja, ili mkanda uachane na mwenzake. Deki isafishwe kichwa chake kwa spiriti ya dawa, si kwa manukato. Kisha tafuta kile kifaa kidogo cha kunasa picha kinachoingia kwenye kompyuta, uinakili kanda ikiwa inacheza. Nakala mbili, sehemu mbili: moja Wete, moja kwa ndugu wa mbali. Usiziweke mitandaoni kabla ya kuwauliza ZBC, kwa sababu kazi ni yao, na huenda wao wenyewe wakafurahi kupata nakala.

Na siku ya kunakili mkalishe babu mbele ya televisheni, umuwekee simu karibu irekodi sauti yake. Mwache aseme nani anaimba, nani anapiga fidla, hii ilikuwa harusi au Idd, ya mwaka gani, na yule aliyekaa safu ya mbele mwenye kilemba ni nani. Anza na kanda ile anayoitaja mara nyingi zaidi.